Je, Ajali Haina Kinga?

Mwezi Julai mwaka 2017 nilikwenda kumtembelea binti yangu wa pili, ambaye alikuwa muuguzi katika mji wa Alice Springs, katikati kabisa ya Australia. Kazi yake ilimlazimu mara mbili kwa mwezi kuendesha gari peke yake kwenda kwenye zahanati za mbali, kwa njia za vumbi ambazo mtu aweza kusafiri saa nzima na zaidi bila kupishana na gari jingine. Jioni moja, akijiandaa kwa safari ya namna hiyo, nilimwona ameketi mezani akijaza karatasi. Aliandika njia atakayopita, saa ya kuondoka, saa anayotazamia kufika, rangi na namba ya gari, kiasi cha maji anachobeba, na mwisho kabisa saa ambayo, kama hajapiga simu, watu waanze kumtafuta. Nakala moja aliiweka kando ya kupeleka kazini, nyingine akaibandika kwenye mlango wa friji.

Mimi, kama ilivyo desturi ya wazee, nikacheka. Nikamwambia, "Mwanangu, mbona unajitabiria mabaya? Mungu yupo. Na ajali haina kinga."

Akaendelea kuandika. Kisha akasema pasipo kuinua kichwa, "Mungu yupo, baba. Lakini wenzangu watajuaje pa kuanzia kunitafuta?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala vizuri, na sababu yake nitaieleza kabla sijamaliza, kwa maana maneno yale yalinigusa mahali ambapo binti yangu hakupajua.

Swali ninalotaka tulifikiri pamoja, ndugu msomaji, ni hili: mtu mzima mwenye akili timamu, anayekwenda peke yake katika njia ya hatari, anawajibika kwa nani? Akisema, "Nikifa nimekufa mwenyewe," je, amesema kweli?

Tuitazame kwanza nchi yenyewe. Australia ni kubwa mara nane hivi kuliko Tanzania, lakini watu wake hawafiki nusu ya watu wetu, na wengi wao wanaishi karibu na bahari. Bara ni nyika na majangwa. Ipo njia ya Birdsville, yenye urefu wa kilomita 517 kutoka Marree hadi Birdsville. Ipo njia ya ng'ombe ya Canning, yenye kilomita 1,850 hivi, ambayo sehemu zake nyingi ni mchanga na mawe matupu. Lipo jangwa la Simpson, ambalo mwenye kulikata kutoka upande mmoja hadi wa pili hupanda na kushuka vilima vya mchanga zaidi ya 1,100. Katika mji mdogo wa Oodnadatta, tarehe 2 Januari 1960, joto lilipimwa likafika nyuzi 50.7. Na simu ya mkononi, ambayo siku hizi tunaitegemea kama pumzi, haina mtandao katika sehemu kubwa ya nchi hiyo.

Binti yangu alinieleza kanuni za njia hizo moja baada ya nyingine, nami nilizipokea kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Maji huhesabiwa lita 10 kwa kila mtu kwa siku, na huongezwa ya akiba kwa siku kadhaa zaidi ya zile za safari. Hayawekwi katika pipa moja. Hugawanywa katika madumu mengi, ili dumu moja likipasuka yasimwagike yote. Matairi ya akiba ni mawili, wala si moja, kwa kuwa mawe yaliyopasua la kwanza bado yapo mbele. Jeki huwekewa ubao wa kuikalia, maana mchangani huzama. Penye mchanga mzito dereva hupunguza upepo wa matairi ili yatanuke, na akifika penye ardhi ngumu huyajaza tena kwa pampu aliyoibeba mwenyewe. Katika nyika yenye majani makavu yaitwayo spinifeksi husimama mara kwa mara kuchungulia chini ya gari, kwa sababu majani na mbegu zake hujikusanya karibu na bomba la moshi na kuwaka moto. Alfajiri na jioni huenda polepole au hulala, kwa ajili ya kangaruu na ng'ombe. Akiona lori linalovuta matela matatu, ambalo urefu wake waweza kufika mita 53 na nusu, hukaa pembeni hadi vumbi litulie. Katika jangwa la Simpson gari lazima lisimamishe bendera juu ya mlingoti mrefu, ili anayepanda kilima upande wa pili aione kabla hajaliona gari. Na wakati wa kiangazi kikali, tangu Desemba mosi hadi katikati ya Machi, jangwa hilo hufungwa kabisa kwa wasafiri.

Lakini kanuni iliyo kuu kuliko zote ni fupi: gari likiharibika, usiliache. Gari ni kivuli, na rubani hulitambua upesi kuliko mtu anayetembea. Mwezi Desemba 1963 familia moja ya watu watano, wahamiaji kutoka Uingereza, walipotea karibu na njia ya Birdsville, wakaishiwa petroli. Waliliacha gari lao wakatafute maji. Wote watano, baba, mama na wana watatu, walikufa kwa kiu.

Mtu atauliza: wenye akili wanawezaje kuliacha gari? Ni rahisi kuuliza tukiwa tumeketi kivulini. Kukaa tuli na kungoja ni kazi ngumu kuliko kutembea. Anayetembea huona kwamba anajisaidia. Anayekaa hana budi kuamini kwamba yupo mtu anayemtafuta. Na hawezi kuamini hivyo kama hakumwambia mtu yeyote aendako. Kwa hiyo karatasi ile ya kwenye friji hutengeneza mambo mawili kwa pamoja. Kwa wale waliobaki nyumbani ni ramani, na kwa yule aliyekwama ni sababu ya kukaa chini na kungoja.

Historia ya nchi ile inacho kisa kinachofundisha jambo hili kuliko hotuba zangu zote. Mwezi Agosti 1860 msafara mkubwa uliondoka Melbourne, ukiongozwa na Robert O'Hara Burke, kwenda kulikata bara kutoka kusini hadi kaskazini. Desemba 16 Burke aliliacha kundi moja kambini penye kijito cha Cooper Creek, naye akaendelea mbele na watu watatu. Waliobaki walingoja miezi minne na zaidi. Asubuhi ya Aprili 21, 1861, wakiwa wamekata tamaa, waliondoka, lakini walizika chakula karibu na mti na kuchonga juu ya gome agizo la kuchimba. Jioni ya siku ile ile Burke, msaidizi wake William Wills na John King wakafika pale wakiwa hoi. Mwenzao wa nne alikuwa amekwisha kufa njiani. Wamepishana kwa saa chache tu.

Hilo tuliite bahati mbaya. Lililofuata si bahati. Watu wale watatu walichimba, wakakitoa chakula, wakazika barua ya kueleza waendako, wakasawazisha udongo kama ulivyokuwa ili mtu mwingine asije akafukua. Juu ya mti hawakuongeza alama yoyote. Mei 8 kiongozi wa kambi alirudi na mwenzake kuangalia, wakaona kila kitu ni kama kilivyoachwa, wakaondoka bila kuchimba. Burke na Wills wakafa kando ya kijito. Barua ilikuwapo, na kila neno lake lilikuwa la kweli, lakini ilikuwa chini ya ardhi isiyo na alama. Nimefundisha walimu kwa miaka mingi kwamba somo lisilomfikia mwanafunzi halijafundishwa. Ndivyo ilivyo na habari ya msafiri.

John King alipona. Hakupona kwa vifaa, maana vilikuwa vimekwisha. Alipona kwa sababu Wayandruwandha, wenyeji wa bonde lile, walimpokea na kumlisha mpaka alipopatikana mwezi Septemba. Hao ndio wale ambao Burke aliwatisha kwa bunduki walipomkaribia. Basi jangwa lililowaua wageni lilikuwa nyumbani kwa wengine, na tahadhari ambayo Burke hakuifunga katika mizigo yake yote ilikuwa unyenyekevu wa kuuliza.

Sasa nirudi kwenye swali. Mwanafalsafa wa Uingereza, John Stuart Mill, alichapisha mwaka 1859 kitabu chake kuhusu uhuru, mwaka mmoja tu kabla ya msafara huo. Alishikilia kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa faida yake mwenyewe. Inayo haki ya kumzuia asiwadhuru wengine tu. Alitoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja bovu. Kama hapana nafasi ya kumwonya, yafaa kumkamata na kumrudisha, kwa kuwa hakutaka kuanguka mtoni. Lakini akiisha kuambiwa, na hatari ikiwa si ya hakika, basi aachwe aamue mwenyewe.

Naukubali mfano huo, lakini naona umemwacha mtu mmoja nje. Ni yule atakayeruka mtoni kumwokoa. Mwenye daraja lake bovu hayuko peke yake kamwe, kwa sababu binadamu hawezi kumsikia mwenziwe akipiga kelele majini akaendelea na safari. Huko Australia gari likichelewa, polisi hutoka, rubani hupaa, wafugaji huacha mifugo yao na kuingia jangwani. Wao nao wana matairi yanayopasuka na watoto wanaowangoja. Wema wao ndio unaoifanya safari yangu isiwe jambo langu peke yangu. Kwa hiyo mtu anayesema, "Nikifa nimekufa mwenyewe," angesema kweli katika nchi ya watu wasio na huruma tu, na nchi ya namna hiyo hakuna ambaye angependa kuishi ndani yake.

Kutokana na hayo sisemi kwamba watu wakatazwe kwenda peke yao. La hasha. Wapo ambao kazi yao haina mwenzi, kama binti yangu. Wapo ambao roho zao zinahitaji ukimya, na mzee aliyeishi miaka 40 katikati ya kengele za shule hawezi kuwalaumu. Ninalosema ni kwamba upweke wa safari una deni, na tahadhari ndiyo malipo ya mbele ya deni hilo. Mtu hawezi kuwalipa watakaomtafuta baada ya wao kupatwa na mabaya. Huwalipa kabla, kwa maji aliyobeba, kwa tairi la pili, na kwa neno la kweli juu ya njia anayopita.

Nasema neno la kweli, kwa kuwa siku hizi kuna vifaa. Mwaka 1928 huduma ya madaktari wa ndege ilianza safari zake kutoka Cloncurry kwa juhudi za mchungaji John Flynn, na mwaka uliofuata Alfred Traeger akaanza kuwagawia wakazi wa nyikani redio zilizopata umeme kwa kukanyaga pedali, ili mgonjwa aweze kuita. Leo msafiri hubeba kifaa kinachotosha kiganjani, ambacho akikiwasha hutuma ishara kwa setilaiti, na waokoaji wakaambiwa mahali alipo. Ni neema kubwa. Lakini nimesikia vijana wakisema kwamba kwa kuwa kifaa kipo, ya nini kubeba maji mengi? Huko ni kuwahamishia wengine mzigo wako. Kifaa humleta mtu. Hakileti maji hadi mtu huyo afike, naye anaweza kuchelewa siku nzima. Asiyebeba maji kwa kutegemea kifaa amemkopa rubani bila kumwomba.

Ipo pia tahadhari iliyo dhuluma, nayo tusiipite kimya. Alfred Canning alipopima njia ile ya ng'ombe mwaka 1906 na 1907, alihitaji kujua yalipo maji. Aliwakamata wenyeji, akawafunga minyororo, wamwongoze kwenye visima vyao. Tume ya Kifalme ya mwaka 1908 ilisikiliza mashtaka hayo. Minyororo haikukanushwa, lakini Canning akaondolewa lawama, na visima vikajengwa kwa ajili ya ng'ombe. Alikuwa mtu wa tahadhari kubwa huyo, na wala hakufa kwa kiu. Basi haitoshi kuuliza, "Je, nimejilinda?" Yatupasa kuuliza pia, "Nimejilinda kwa gharama ya nani?"

Sasa nieleze sababu ya kukosa usingizi.

Mwezi Machi 1986 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu magharibi ya nchi yetu. Ilikuwa masika, na wanafunzi wetu walikuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule za mbali. Niliamua kwenda kuwakagua kwa Land Rover ya chuo, nikiendesha mwenyewe. Njia zilikuwa mbili: ndefu iliyofuata barabara kuu, na fupi iliyokata msituni. Karani aliponiuliza, nikamwambia nitapita njia ndefu, na kwamba nitarudi kesho yake. Nilipofika njia panda nikaona ile fupi imekauka kidogo, nikafikiri nitaokoa saa mbili. Sikuwa na simu, kweli. Lakini palikuwa na duka pale, na mwenye duka nilimfahamu. Ningeweza kusimama na kumwachia neno. Sikusimama.

Kilomita 30 ndani ya msitu gari likazama mbugani hadi kwenye ekseli. Nililala humo siku mbili, nikiwa na chupa moja ya chai na mikate, nikinywa maji ya mvua, hadi warina asali waliponikuta na kunisaidia kulikwamua. Nikarudi nikiwa na tope na njaa tu.

Usiku wa pili dereva wa chuo alikuwa ametoka na lori kunitafuta. Alipita njia ndefu, kama karani alivyomwambia. Kwenye korongo moja maji yalilisukuma lori likapinduka, likambana mguu. Walimtoa akiwa hai, lakini mguu ukakatwa chini ya goti.

Nilipokwenda kumwona wodini, yeye ndiye aliyenifariji. Alisema, "Usijilaumu, Mkuu. Ajali haina kinga." Wenzangu wote walisema hivyo hivyo. Nami nikauchukua msemo huo, nikajifunika nao. Nilipoulizwa kwa nini nilipita msituni, nilisema nilisikia barabara kuu imekatika. Haikuwa kweli. Dereva yule alifariki miaka 12 baadaye kwa maradhi mengine, na muda wote huo tulisalimiana vizuri, nikampelekea unga na sukari kila sikukuu, wala sikumwambia kwamba aliupoteza mguu wake akinitafuta katika njia niliyoikataa ili niokoe saa mbili. Nayaandika sasa kwa kuwa mke wangu na watoto wangu wameyajua, nami nimekwisha kwenda kwa jamaa zake kuwaeleza. Walinisikiliza. Walilosema ni lao, sitaliandika.

Tangu hapo nimeifikiria sana methali ile. Wazee wetu walituachia "Ajali haina kinga," wakatuachia pia "Tahadhari kabla ya hatari." Wanafunzi wangu walizoea kuniuliza ni ipi iliyo kweli, nami niliwajibu kwa ujanja kwamba kila methali ina mwenziwe wa kuipinga. Sasa naona hazipingani; zina saa zake. Ya kwanza ni methali ya matanga. Husemwa kumfariji aliyepatwa, ili asiendelee kujitesa kwa mambo ambayo hakuna binadamu angeweza kuyazuia. Ya pili ni methali ya asubuhi ya safari. Kosa letu kubwa, nalo tunalitenda katika mabasi yetu na mashua zetu kama mimi nilivyolitenda njia panda, ni kuimba methali ya matanga asubuhi ya safari. Na kosa lililo baya zaidi ni la mwenye hatia kujifariji mwenyewe kwa maneno ambayo aliyeumizwa alimpa kwa wema.

Kuhusu Mungu, nasema machache. Sioni kwamba anayejaza karatasi amepungukiwa imani. Anayebeba maji hamwambii Mungu, "Sikuamini"; anakubali tu kwamba riziki ya leo amepewa mikononi mwake aitunze, na kwamba maisha ya watakaomtafuta nayo ni amana.

Asubuhi ile huko Alice Springs niliamka mapema, kukiwa na baridi kali, nikamsaidia binti yangu kupakia madumu. Niliyahesabu mara mbili. Nikapima upepo wa tairi la akiba, kisha la pili. Akaniuliza, "Vipi baba, leo huchelei kujitabiria mabaya?" Nikamwambia, "Nenda, mwanangu. Ukifika piga simu." Saa kumi jioni simu ikalia. "Baba, nimefika." Ndipo nilipoibandua karatasi mlangoni mwa friji.

Siku hizi, hata nikienda mjini kwa daladala, humwambia mke wangu ninapita wapi na narudi saa ngapi. Nikibadili njia, humpigia simu. Yeye hunicheka, husema uzee umenifanya mwoga. Namwacha acheke, lakini simu yake huwa ameiweka karibu.